Pete ya uchumba kwa nesi: almasi, almasi ya maabara, tanzanaiti au lulu? Naomba ulinganisho

KijanaWaTanga

Wakuu, habari za majukumu. Barua ya posa imepokelewa, mahari tumeshaongea na wazee wamekubaliana. Limebaki suala la pete, na ndilo linalonitoa jasho. Bajeti ni milioni tatu za Kitanzania, nikijibana sana tatu na nusu.

Mchumba wangu ni nesi wodi ya wazazi. Mikono yake kutwa ni maji, sabuni, glavu na kitakasa mikono. Amezaliwa Disemba, kwa hiyo rafiki zake wanasema tanzanaiti, kwamba ndiyo jiwe la mwezi huo. Shangazi yake anasema mwanamke wa pwani avae lulu. Mimi mwenyewe nilikuwa na wazo la almasi, ila nikiangalia bei za ya asili naona kijiwe kama punje ya mtama, na za maabara naona jiwe kubwa kwa pesa ileile, nabaki kujiuliza kuna nini hapo katikati. Nataka maneno ya watu wanaoyajua mawe, ya muuzaji dukani nimeshayasikia.

BrokaMstaafu_Arusha

Hongera mkuu. Nianze na tanzanaiti kwa kuwa ndiyo iliyosomesha wanangu. Kwa pete ya kila siku ya nesi, jibu langu ni hapana.

Ugumu wake kwenye kipimo cha Mohs, kinachoishia 10, ni 6 hadi 7. Vumbi la kawaida lina chembe za kwatzi, ambazo ni 7. Kila akifuta pete kwa kitambaa chenye vumbi, kingo za mkato zinalika. Halafu jiwe lenyewe lina upande dhaifu, likigongwa vibaya kwenye kitanda cha chuma linapasuka. Joto la ghafla hailipendi, na zile mashine za kusafishia kwa mtetemo usizikaribishe kabisa.

Hilo halipunguzi hadhi yake. Duniani inachimbwa kibiashara sehemu moja tu, Merelani, Simanjiro, eneo ambalo mtu anaweza kulimaliza kwa miguu. Iligunduliwa 1967. Kwa miaka mingi sifa zote zilikwenda kwa Manuel de Souza, fundi cherehani aliyekuwa akitafuta madini, mpaka 2018 serikali ilipomtambua rasmi mzee Jumanne Ngoma kuwa ndiye mgunduzi. Jina walilitoa Tiffany & Co. wa New York mwaka 1968, na wao ndio walioitangaza kwa matajiri. Suala la Disemba nalo limeletwa na wafanyabiashara wa vito wa Marekani mwaka 2002. Hao rafiki zake hawakosei, ila wajue ni desturi changa kuliko wao wenyewe.

Ukiamua kununua, tena iwe kidani au hereni, shika haya. Jiwe karibu lote la bluu unaloliona limepikwa. Likitoka ardhini mara nyingi lina ukahawia, linapashwa moto karibu nyuzi 600 ndipo bluu inatokea, na haifutiki. Usikubali mtu akuuzie "kupikwa" kama kasoro, wala akuuzie "halijapikwa" kwa bei ya ajabu bila cheti. Ligeuze kwenye mwanga: upande huu bluu, upande ule zambarau. Kioo hakifanyi hivyo. Na zile herufi AAA zinazoandikwa kwenye vibahasha hazina chombo chochote kinachozisimamia, kila duka lina AAA yake.

Jiwe dogo huwa limepauka, rangi nzito inakaa kwenye mawe makubwa. Kwa bajeti yako utapata dogo zuri, si lile bluu la kwenye picha. Tangu mchimbaji Saniniu Laizer alipouza mawe mawili, la kilo 9.27 na la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74 mwaka 2020, kila mwenye kakipande mfukoni anataka bei ya Laizer.

NesiWaZamu

Mimi ni nesi, nisikilizeni kwanza kabla hamjaenda mbali. Pete yoyote yenye jiwe lililoinuka juu inachana glavu. Inashika nywele za mgonjwa, inashika blanketi la mtoto, na chini ya jiwe uchafu unakaa, ndiyo maana kwenye hospitali nyingi ukiwa zamu unaruhusiwa pete nyembamba isiyo na jiwe tu. Wenzangu wengi pete ya uchumba wanaivaa shingoni kwenye mkufu, au wanaiacha nyumbani. Kaka, nunua ukijua hilo. Kama utanunua jiwe, lizamishwe ndani ya dhahabu, lisiwe la kukaa juu ya vikucha.

SonaraWaKibokoni

Dada hapo juu amenitangulia pointi ya kwanza. Jiwe kuzungushiwa ukingo wa dhahabu linaonekana dogo kidogo, lakini halidondoki. Kazi nyingi zinazokuja mezani kwangu ni vikucha vilivyolika na jiwe lililopotelea kwenye unga wa chapati. Hayo ni kila wiki, sitanii.

Sasa almasi. Kemikali yake ni kaboni tupu, iwe imetoka Shinyanga au imetoka kiwandani. Ugumu 10. Kampuni ya General Electric ilitengeneza almasi 1954 ikatangaza mwaka uliofuata, lakini zilikuwa za viwandani, za kukatia vyuma. Baadaye wakaweza mawe ya kuvaa, kwa njia mbili: shinikizo na joto kali, au gesi yenye kaboni inayojenga jiwe tabaka juu ya tabaka. Kile kikalamu cha kupimia almasi madukani hakizitofautishi, kwa sababu kinapima jinsi joto linavyopita tu. Hata moisanaiti, jiwe jingine linalofanana na almasi, inakihadaa. Kutofautisha ya asili na ya maabara kunahitaji mashine maalumu, kwa hiyo ukinunua ya asili bila cheti cha maabara inayojulikana, kama GIA, umenunua maneno.

Ujue umelipia nini. De Beers wenyewe, ambao miaka yote waliishi kwa almasi za ardhini, walifungua Lightbox mwaka 2018 wakauza ya maabara karati moja (karati ya jiwe ni uzito) kwa dola 800, watu wakashtuka kwa urahisi wake. Leo bei ya jumla imeshuka chini ya hapo kwa mbali, na 2025 wakatangaza kuifunga biashara hiyo. Ya maabara nunua kwa ajili ya kung'aa, basi. Usiiweke akiba.

Na ya asili nayo usidanganywe kuwa ni akiba. Ukiitoa dukani leo na kuirudisha kesho hutapata pesa yako, pengine hata nusu hupati. Kinachorudisha pesa ni dhahabu iliyoishika.

Ukienda kununua ya asili, kila mtu atakuimbia karati, rangi, usafi na mkato. Mkato ndio wa kwanza. Jiwe lililokatwa vibaya linavujisha mwanga chini na linakuwa na kijicho cheusi au limekufa katikati, hata likiwa na rangi ya D. Rangi zinaanzia D zinashuka hadi Z. Kama pete yako ni dhahabu ya njano, usilipie D, kwani njano ya dhahabu inaingia ndani ya jiwe. G au H inatosha, hata J haitaonekana. Usafi, chukua usioonekana dosari kwa jicho, yaani VS2 au SI1 nzuri. Na kumbuka bei inaruka ikifika namba nzima au nusu karati. Jiwe la 0.46 na la 0.50 kidoleni hutayatofautisha, ila pochi itayatofautisha.

MtotoWaShinyanga

Sonara nakuheshimu, ila hapo kwenye "iwe ya Shinyanga au ya kiwandani" umepita haraka. Mgodi wetu wa almasi wa Mwadui umekuwepo tangu Dkt. John Williamson, Mkanada, alipoipata 1940. Wapo watu waliozaliwa, wakasoma na kustaafu ndani ya ule mji. Oktoba 1947 pale ilitoka almasi ya waridi ya karati 54.5, Williamson akampa Princess Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya ndoa. Ikakatwa ikabaki karati 23.6, na 1953 Cartier wakaiweka katikati ya bruchi ya ua. Mwaka 2022 ya waridi nyingine ya Mwadui, Williamson Pink Star, karati 11.15, ikauzwa mnada Hong Kong kwa dola milioni 57.7. Kiwanda gani kina habari kama hiyo?

SonaraWaKibokoni

Habari nzuri, ndugu yangu, na sibishani nayo. Ila kijana ana milioni tatu. Hapati ya waridi. Anapata nyeupe ndogo, na mara nyingi imekatwa Surat, India, imepita mikono sita, na hakuna wa kumwambia kama ilitoka Mwadui, Botswana au Siberia. Cheti cha Kimberley kilichoanza 2003 kinafuata shehena za mawe mabichi kutoka nchi kwenda nchi, hakilifuati jiwe moja moja hadi kwenye pete. Kama anataka ya Mwadui kweli, aulize na aandikiwe. Wasipoweza kuandika, asilipie jina.

MtotoWaShinyanga

Hapo tumekubaliana.

Bi_Mkubwa_Unguja

Wanangu, salamuni. Nimesoma mpaka hapa naona lulu mmeiacha mlangoni.

KijanaWaTanga

Shikamoo Bi Mkubwa. Tunakusubiri wewe.

Bi_Mkubwa_Unguja

Marahaba mwanangu. Huyo shangazi anasema kweli, ila pete siyo mahali pa lulu kwa mwanamke anayefanya kazi kwa mikono. Lulu ni laini, hiyo Mohs yenu haifiki hata 5. Jasho linaila, manukato yanaila, na hicho kitakasa mikono chenye spiriti kitaifanya iwe kama jino la mzee. Lulu huvaliwa mwisho, ukishajipaka na kujifukiza, na huvuliwa mwanzo ukirudi. Ifutwe kwa kitambaa laini, ilale peke yake, isikwaruzwe na dhahabu.

Mumnunulie lulu ya hereni au kidani. Na mjue mnanunua ipi. Nyingi madukani ni za maji baridi kutoka China, zina umbo la mchele au viazi, siku hizi na za mviringo pia, na bei yake ni ya kawaida. Akoya ya Kijapani ni ndogo, mviringo, inang'aa kama kioo. Nyeupe na za dhahabu za bahari ya kusini ni kubwa na ghali. Nyeusi za Tahiti zinatoka kwa chaza mwenye mdomo mweusi, ambaye hata kwetu yupo majini. Fumba na Bweleo kina mama wanamfuga, wanapata lulu nusu, ile iliyobandana na kombe, wanaikata na kuitia kwenye hereni pamoja na kombe lenyewe. Si mviringo, lakini inakwenda na kanga na inakwenda na gauni la harusi, na pesa inabaki kwa mama uliyemwona kwa macho.

Ya kweli ukiisugua taratibu kwenye ncha ya jino unasikia imekwaruza kidogo. Ya plastiki inateleza. Kamba iwe ya hariri na ifungwe fundo kati ya lulu na lulu, ikikatika ipotee moja tu. Na mzitie kamba mpya kila baada ya miaka michache, maana hariri inanyonya jasho inalegea.

MswahiliMuscat

Bi Mkubwa umenikumbusha mazungumzo ya wazee wa huku. Kabla ya mafuta, Bahrain, Kuwait, Qatar na pwani ya Imarati ziliishi kwa lulu. Msimu wa kiangazi majahazi yanatoka, mpiga mbizi anabana pua kwa kibanio cha mfupa, anashuka na jiwe mguuni, anapandishwa kwa kamba. Wengi walikuwa wadeni wa nahodha maisha yao yote, deni likarithiwa na mtoto. Na tuseme lote: wapiga mbizi wengi walikuwa watumwa waliotoka pwani yetu ya Afrika Mashariki, au watoto wao. Lulu iliyokuwa ikivaliwa Bombay na Paris ilikuwa na pumzi ya mtu wa kwetu ndani yake.

Bei zilikuwa za kutisha. Mwaka 1917 Cartier walipata jumba lao la Fifth Avenue, New York, kwa kubadilishana na kidani cha nyuzi mbili za lulu za asili, wakaongeza dola 100 taslimu. Miaka hiyohiyo Mjapani Kokichi Mikimoto, aliyeanza na lulu nusu mwaka 1893, alikuwa anapeleka sokoni lulu za mviringo za kufugwa. Ukaja mdororo wa 1929, Ghuba ikaanguka kifudifudi. Bahrain hadi leo imepiga marufuku biashara ya lulu za kufugwa, za asili tu. Kwa hiyo ukiambiwa "lulu ya asili" kwa bei ya milioni tatu, omba cheti cha eksirei. Karibu zote zinazouzwa leo duniani ni za kufugwa, na hakuna aibu, mradi useme.

Kuhusu pete. Huku na huko kwetu Unguja na Mombasa, bibi zetu hawakuijua pete ya almasi ya uchumba. Walipewa dhahabu: bangili, mikufu, pauni za Kiingereza zilizotobolewa zikawa vidani. Huku Oman bara ilikuwa fedha, wafuaji wa Nizwa wakitumia riale za Maria Theresa. Hiyo ya "bila almasi hakuna uchumba" ni tangazo. Mwaka 1947 Frances Gerety, mwandishi wa matangazo Marekani, aliwaandikia De Beers kwamba almasi ni ya milele, na dunia ikaitika. Wafalme wa Ulaya walishaivaa zamani, Maximilian wa Austria alimpa Mary wa Burgundy mwaka 1477, lakini mtu wa kawaida kuvunja akiba yake kwa kijiwe ni jambo la karne iliyopita tu.

Ushauri wangu: bangili moja au pete nene ya dhahabu ya karati 21, basi. Siku ya shida inapimwa kwenye mizani.

NesiWaZamu

Kaka wa Muscat, bangili wodini haiingii. 😄

MtaitaWaVoi

Mbona hamjamtaja savoraiti? Jiwe la kijani, Campbell Bridges alilipata upande wa Tanzania 1967, kisha 1971 akalipata kwetu Taita Taveta. Jina limetokana na Tsavo. Ugumu 7 na kidogo, kwa hiyo linaipita tanzanaiti, na halipikwi, kijani ni ya kuzaliwa. Zumaridi ya bei hiyo huwa imejaa nyufa na mafuta ya kuzificha. Dosari yake ni ukubwa tu, likizidi karati mbili bei inakimbia. Kwa nesi bado lizamishwe.

BrokaMstaafu_Arusha

Savoraiti namuunga mkono kabisa. Na kijana, ukinunua kito chochote Tanzania dai risiti halali, hasa kama mtavuka nacho mpaka. Jiwe lisilo na karatasi uwanja wa ndege linakuwa mjadala mrefu.

KijanaWaTanga

Asanteni sana wakuu, Bi Mkubwa na dada nesi. Mmenifungua. Ninachofikiria sasa: pete mbili. Moja nyembamba ya dhahabu tupu ya kuvaa kazini. Ya pili ya sherehe, almasi ndogo ya asili iliyozamishwa, 0.20 au hapo, yenye cheti. Kikibaki kitu, hereni za lulu za Fumba kwa ajili ya shangazi kutulia. Tanzanaiti itasubiri mtoto wa kwanza.

Maswali mawili. Almasi ishikwe na dhahabu ya karati ngapi? Na nipate vipi kipimo cha kidole bila yeye kujua?

SonaraWaKibokoni

Umepanga vizuri. Pete ya jiwe iwe karati 18 (karati ya dhahabu ni usafi wake, si uzito), muhuri wake 750. Karati 21 ina muhuri wa 875 na 22 ina 916, hizo ni laini, ukingo unalegea jiwe linacheza. Ile nyembamba isiyo na jiwe unaweza kuifanya 21 kama Muscat anavyotaka. Epuka dhahabu nyeupe kwake, huwa inapakwa rodiamu juu, na kwa kuosha mikono namna hiyo itachakaa mapema, kila mara mnarudi kupaka. Na mwambie sonara akuandikie uzito wa dhahabu peke yake bila jiwe, na gharama ya ufundi mstari wake. Asiyetaka kuandika, mpite.

Cheti ukikishika mkononi, mwombe lenzi. Mawe mengi ya GIA yana namba imechorwa kwa leza ukingoni, isome mwenyewe ulinganishe. Kwa jiwe la 0.20 huenda hakuna cheti kamili na kukitafuta kutakuongezea gharama. Hapo bora upande kidogo hadi 0.30, au ununue kwa mtu unayemwamini na aandike kwenye risiti "almasi ya asili".

Kidole: chukua pete anayovaa kidole hichohicho cha mkono huohuo, ichoree ndani kwa penseli kwenye karatasi, mara mbili tatu, uirudishe. Usipime ya mkono wa kulia ukatengenezea wa kushoto, vinatofautiana.

NesiWaZamu

Na usipime asubuhi baada ya zamu ya usiku, vidole vinakuwa vimevimba. Niulize mimi.

Bi_Mkubwa_Unguja

Hizo hereni ukija Fumba uje mchana maji yakiwa yametoka, ndipo kina mama wanakuwa kazini. Na umlete na shangazi, achague mwenyewe, asije akasema umechagua ndogo.